Sabufa Nyuma ya Kiti

Nina pua mbaya. Wenzangu wamejaliwa sauti ya kwaya, wengine miguu ya mpira. Mimi nilipewa pua, na sijawahi kumshukuru aliyenipa. Naingia nyumbani kwa mtu, kabla sijaambiwa karibu nimeshajua kwamba jana maziwa yalifurika jikoni na kwamba paka wa nyumba hii hatoki nje usiku. Mwenye pua ya namna hiyo hakupaswa kuolewa na mtu wa ziwani anayeuza usipa. Lakini niliolewa naye, tena kanisani, kwa hiari yangu, na ndugu zangu wa Matiri, kwetu milimani, walinicheka tangu siku ya mahari. "Harufu ya kahawa imekuchosha," walisema. "Haya, nenda ukanuke."

Mume wangu kwao ni Kihagara. Usipa ni vile vidagaa vyembamba vya Ziwa Nyasa, vinavyoanikwa juani mpaka vikauke, na kazi yake ni kuvipandisha Mbinga mjini, tunakoishi, kwa pikapu yetu kuukuu yenye kiti kimoja kirefu cha mbele. Kwake yeye ile si harufu. Ukimwambia gari linanuka, anakutazama kama umemwambia maji yamelowa. Mimi nilikuwa nikipanda nafungua dirisha na kutoa kichwa nje kama mbuzi anayepelekwa mnadani, na watu wa barabarani walishanizoea.

Sasa akaamua kutia muziki. Redio ya zamani ilikuwa imekufa, na yeye hushuka na kupanda ile milima peke yake. Akasema usingizi unamvizia kwenye kona. Hilo sikulibishia, kwa sababu mume mwenye kelele ni afadhali kuliko mume aliye korongoni. Nilichobishia ni pale alipokataa kwenda kwa fundi. Alikuwa ametazama video kwenye simu, basi akahitimu. Akanunua redio, spika mbili za milangoni, amplifaya iliyokwisha kutumika na mtu mwingine, na sabufa yenye mdomo mpana kama sufuria ya msibani. Akavipanga vyote uani, akavitazama kwa mapenzi ambayo mimi sijatazamwa nayo siku nyingi.

Nilimsaidia. Nilisoma fizikia mpaka kidato cha nne na waya chanya nautofautisha na hasi, wakati yeye ujuzi wake wote ni kuvuta kitu mpaka kitoke. Kwanza tulilazimika kung'oa mazulia ili nyaya zipite chini. Laiti tusingeng'oa. Maji ya usipa ya miaka yote ile yalikuwa yameganda chini ya zulia yakawa kitu cheusi kinachonata kama lami, na ndani ya lami hiyo kulikuwa na magamba, nywele, punje za mahindi na maganda ya funza waliokwisha kuruka wakaenda zao. Nilitapika hapohapo, kwenye mgomba. Yeye alikuwa anakwangua kwa bisibisi huku anapiga mluzi.

Tukafungua dashibodi. Nyuma yake panya alikuwa amejenga. Alikuwa na nyumba ya heshima kabisa, ya matambara, sponji ya kiti na vichwa vya usipa alivyovihifadhi kwa ajili ya njaa, na katikati vitoto vyekundu visivyo na macho. Mume wangu akavitoa kwa mkono mtupu, akavitupa nje ya ua, akajifuta kwenye suruali, halafu akaunyoosha mkono uleule kuchukua hindi la kuchoma kwenye sahani yangu. Nilimpa hindi lote na sahani yake. Mpaka leo sahani ile naijua, na siilii.

Na kazi za mafundi waliotutangulia! Fyuzi moja ilikuwa imefungwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Waya wa taa ya nyuma uliunganishwa na waya wa honi kwa uzi wa viatu, eti umeshika. Miaka yote tulikuwa tunashuka mpaka ziwani tukiwa tumekalia moto. Yeye naye alitaka kuupitisha waya mnene kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye amplifaya, bila fyuzi, kwa kuwa kwenye video hakuiona. Nilimwambia afunge fyuzi karibu na betri, la sivyo sipandi gari hilo na watoto hawapandi. Akafunga. Nikamwambia akwangue rangi mpaka chuma king'ae ndipo afunge waya wa hasi. Akakwangua, akinung'unika kwamba mwanamke wa milimani akipata bisibisi basi amani imekwisha.

Boksi la sabufa alilitengeneza mwenyewe kwa plaiwudi iliyobaki tulipopiga dari. Nakiri lilikuwa boksi zuri. Lilikaa sawasawa nyuma ya kiti, na juu yake alitoboa tundu akapachika kipande cha bomba la maji, kwa sababu sabufa lazima ipumue. Bila tundu, alinieleza, besi inakuwa kama mtu anayeongea ndani ya mtungi. Halafu akasema ndani ya boksi huwekwa kitu laini ili mlio utulie. Hilo nililishughulikia mimi. Nilikata sponji ya godoro kuukuu la watoto, nikaifua, nikaianika, nikainusa, nikamkabidhi mkononi. Nikaenda jikoni kupika.

Baadaye nililiosha gari kwa sabuni ya unga, nikalisugua kwa ndimu, nikarudia kwa majivu, tukaliacha juani limefunguliwa milango mpaka majirani wakauliza kama tunaliuza. Lilipokauka, boksi likiwa bado nje, nikaingia, nikafunga vioo, nikavuta pumzi. Hapakuwa na harufu yoyote, na hayo ndiyo manukato ninayoyapenda kuliko yote duniani. Kisha mume wangu akalirudisha boksi, akawasha muziki. Vioo vya pembeni vikatetemeka, kuku wa jirani wakakimbia, na yeye akacheka kama mtoto. Nilifurahi pamoja naye. Siwezi kukataa.

Hapo ndipo anapoingia mama yangu. Mama ni mjane, analima kahawa Matiri, na katika maisha yake yote kahawa yake imekwenda kumwagwa kwenye lundo moja na ya kila mtu: ya anayechuma mbivu tupu, na ya anayeanika chini kuku wakitembea juu yake wakifanya watakavyo. Mwaka huo yeye na wanawake wenzake kadhaa walipata mnunuzi kutoka mbali aliyesema ataonja kahawa yao kwanza. Ikipita, itanunuliwa peke yake, kwa jina lao, haitachanganywa. Mama hakuongea habari ya bei. Alisema, "Nataka mtu mmoja tu anywe kahawa yangu akijua ni yangu." Tangu msimu uanze alikaa kwenye kichanja, lile jukwaa la kuanikia, anachambua punje moja moja kwa vidole vyake, anatoa iliyopasuka, anatoa yenye doa, na aliyeshika kahawa bila kunawa alifukuzwa kama mwizi.

Kahawa hushika harufu ya chochote kinachoilalia jirani. Hilo hata mtoto wa Matiri analijua. Kwa hiyo sampuli, ule mfuko mdogo wa kuonjwa, haikuruhusiwa kupanda nyuma ya pikapu ya usipa. Mama aliifunga kwenye kanga safi. Hawezi kuifunga kwenye plastiki, anasema kahawa ikifungiwa inatoa jasho. Kahawa lazima ipumue. Akamwambia mume wangu, kupitia kwangu, kwamba ikae mbele. Naye akaiweka mbele, nyuma ya kiti, juu ya boksi la sabufa, mahali palipo tambarare pasipo na mtikisiko. Kabla ya kuileta Mbinga alizunguka nayo kwanza Kihagara, kumwona baba yake mdogo aliyekuwa anaumwa, muziki ukipigwa kwenda na kurudi.

Siku ya kuonja niliiwakilisha familia. Nilidhani kuonja kahawa ni jambo la adabu. Kumbe ni watu wazima wenye makoti meupe wanavuta kahawa kwenye kijiko kwa kishindo kama ng'ombe anayekunywa, wanaizungusha mdomoni, wanaitema kwenye kopo. Kopo hilo lilikuwa karibu na mimi. Nilivumilia kwa ajili ya mama. Mwonjaji mkuu alipofika kwenye kikombe chetu, alivuta, akasimama. Akavuta tena. Akatema, akafuta mdomo, akaniuliza kwa upole, "Mama, hii kahawa mliianika karibu na samaki?"

Nikasema hapana. Akanipa kijiko nionje mwenyewe. Sikuhitaji kuonja, niliinamia tu kikombe, na pua yangu ikanitukana. Harufu ilikuwa ndogo, kwa chini, lakini ilikuwa hiyohiyo. Mwonjaji akasema pole, kahawa yenyewe imechambuliwa vizuri mno, lakini ikishaingia harufu haitoki. Akasogea kwenye kikombe kilichofuata. Mnunuzi akachukua za wengine, akaondoka. Ya mama yangu na wenzake ikaenda kwenye lundo.

Nje, mume wangu alikuwa ameegemea pikapu anasikiliza muziki. Nikampigia mama simu palepale, kwa spika, ili naye asikie. Nikamwambia.  Mama akasema, "Siku ile ya kufunga sampuli tulikula ugali kwa usipa. Nilinawa, mwanangu. Nilinawa kwa sabuni. Lakini ni mikono yangu."

Nilimwambia si mikono yake. Akasema ni mikono yake, na wenzake atawaambia nini. Mume wangu alisikia kila neno. Alizima muziki, akatazama matairi.

Kuanzia hapo mama hakugusa kahawa tena. Nilipokwenda Matiri kumwona, uchumaji ulikuwa bado haujaisha, wenzake walikuwa kwenye kichanja wanachambua, na yeye amekaa upande wa pili wa ua anapukuchua maharage. Hakuna aliyemfukuza, alijifukuza mwenyewe. Alikuwa ameacha kula usipa kabisa, yeye aliyekuwa anautafuna mkavu kama karanga. Asubuhi anajisugua mikono kwa ndimu, jioni kwa ndimu na majivu, na ngozi ya vidole ilikuwa imepasuka, imebabuka, nyekundu kwenye viungo. Aliniletea mikono hiyo usoni. "Wewe una pua," aliniambia. "Bado?" Nikasema haina kitu, mama, inanuka ndimu. Akasema, "Unanihurumia." Nilirudi Mbinga nimenuna, nikamsimulia mume wangu yote tukiwa mezani. Alisikiliza, akamaliza chakula chake, akasema pole sana.

Muda ukapita, tukaalikwa harusi Ngumbo. Tulishuka mchana, jua linawaka, mimi nikishuka na gari hilo ziwani kwa mara ya kwanza tangu litiwe muziki, na kadiri tulivyokaribia ziwa joto likazidi. Yeye akaongeza sauti. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nimejipulizia manukato, nimeamua siku hiyo kuwa na furaha. Basi nikahisi kitu kisogoni. Kilikuwa kijiupepo, kinakuja, kinaacha, kinakuja, kinaacha. Besi ikipiga, kinapuliza. Besi ikinyamaza, kinatulia. Na kila kikipuliza, pua yangu inanong'onezwa neno ninalolijua.

Niligeuka nikaweka kiganja juu ya lile bomba la kupumulia. Boksi likanihemea mkononi, pwu, pwu, pwu, pumzi ya moto. Nikanusa kiganja. Ulikuwa usipa.

"Simamisha gari," nikasema.

Hakuuliza kwa nini, na kwa kutouliza kwake nikajua. Nilichukua bisibisi mwenyewe, nikaing'oa sabufa pembeni ya barabara, nikiwa na kitenge changu kipya. Ndani hapakuwa na sponji. Palikuwa na gunia la katani, lile lililokuwa linatandikwa chini ya mzigo nyuma ya gari, lililokunywa maji ya usipa msimu baada ya msimu. Lilikuwa limefanya ukungu wa kijani, na nilipolivuta likaachia punje, vumbi, na vijidudu vyeusi vilivyokimbilia kwenye mikono yangu. Nimeona mengi ya kichefuchefu maishani, na nimeshayasimulia. Hakuna lililofikia gunia lile, na bado gunia lilikuwa nafuu kuliko kilichofuata.

"Sponji iko wapi?" nikamuuliza.

Alinyanyua tako kidogo. Alikuwa ameikalia. Ameifunga vizuri kwa kitambaa, eti mgongo unamuuma.

"Na ulijua lini?"

Alitazama ziwa, lililokuwa linang'aa kule chini kana kwamba halikuhusika. "Siku ile ya simu," akasema. "Mama aliposema mikono yake. Nikakumbuka gunia."

"Siku ile ya simu! Na hukusema."

"Ningesemaje, mama watoto? Yule ni mkwe wangu. Mimi hata kukaa naye mkeka mmoja siwezi. Niende nimwambie kahawa yako nimeiharibu mimi, kwa gunia? Heshima hairuhusu."

Kwetu ni kweli, mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa mbali. Wanasalimiana, basi, neno zito hupitia kwa mke au kwa mshenga. Lakini mke nilikuwepo. Nilikuwa naye kitanda kimoja, meza moja. Nilimsimulia ngozi ya mama inavyobabuka, naye akafagia sahani kwa tonge la mwisho. Mficha uchi hazai, na huyu alikuwa ameuficha uchi wake kwenye vidole vya ajuza. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba nilizoea kudhani anayenuka ni gari.  Alitaka kulitupa gunia bondeni, nikalishika. Nikamwambia geuza, harusi imekwisha.

Tulipanda milima bila muziki. Gunia lilikuwa nyuma, boksi tupu lilikuwa miguuni pangu, na sponji aliitoa mwenyewe akaiweka katikati yetu, kama mtu wa tatu.

Matiri tuliwakuta wanawake kwenye kichanja na mama kwenye maharage yake. Alishangaa kutuona tumevaa vya harusi. Mume wangu alishuka, akachutama mbali, pale mkwe anapotakiwa kuchutama, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kuna msiba?"

 Nilikuwa nimeapa njiani kwamba sitamsaidia hata silabi moja. Alinitazama, akaona hivyo. Basi akasema. Alisema kwa Kiswahili, maana Kimatengo chake, lugha ya kwetu, ni cha kuombea maji tu, na alisema yote: gunia, boksi, kanga juu ya bomba, Kihagara kwenda na kurudi, simu, na kunyamaza. Wanawake wa kwenye kichanja waliacha kuchambua. Mmoja alikuja akaliangalia gunia nyuma ya gari, akarudi ameziba pua kwa kanga.

Mama hakupaza sauti. Aliinuka, akavuka ua, akapita umbali wote ambao mkwe na mama mkwe wanapaswa kuuacha baina yao, mpaka akamsimamia. Akamnyooshea mikono yote miwili chini ya uso.

"Nusa," akasema.

Mume wangu alirudi nyuma kwa matako. Mama akasogea.

"Nimesema nusa, mkwe."

Aliinamisha kichwa, akanusa mikono ya mama mkwe wake mbele ya wanawake wote wale. Nilimwona anayaona yale mapasuko kwa karibu, kwa mara ya kwanza.

"Inanuka nini?"

"Ndimu, mama."

"Na nini kingine?"

"Ndimu tu."

"Sema wale wasikie."

"Ndimu!" akasema kwa nguvu.

Mama alifuta mikono kwenye nguo, akaenda kwenye kichanja. Wenzake walimpisha. Akaketi pale pake pa siku zote, akaingiza vidole kwenye kahawa, akaanza kutoa yenye doa, taratibu, kwa sababu vilikuwa vinamuuma. Alichambua hivyo kitambo, sisi wote tumesimama. Halafu, bila kuinua kichwa, akaniuliza mimi, "Mmekuja na usipa? Mwezi wa ngapi huu sijauonja."

Tulikwenda kutafuta nyuma, tukatafuta mbele, tukatafuta chini ya kiti. Gari zima lilikuwa linanuka usipa, na ndani yake hapakuwa na hata mmoja.